MTOTO "HANA AKILI": NANI AMEMPIMA?



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu. Kuna jambo limenikaa moyoni kwa muda mrefu na naogopa nikiendelea kulinyamazia nitakuja kuulizwa. Ni habari ya watoto wetu wanaoitwa wajinga, wakaidi, wazito au wenye majini, kisha wakarudishwa nyumbani kutoka shule na kutoka madrasa, bila ya mtu hata mmoja kuwapima. Leo nitasema wazi, na atakayekasirika anisamehe, kwa sababu na mimi mwenyewe nimo katika lawama hizi.

Ijumaa moja baada ya Swala, mama mmoja jirani yetu wa Munuki alinifuata akiwa na begi la mtoto mkononi. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa ameondolewa shule ya tatu ndani ya miaka miwili. Ndani ya begi mlikuwa na karatasi yenye mistari miwili tu: mtoto hafuati masomo, atafutiwe shule inayomfaa. Shule hiyo inayomfaa iko wapi hapa Juba hawakuandika. Madrasa nako ustadh alikwisha sema kwamba mtoto ni mkaidi, ukimwita hageuki, na alikuwa akichapwa kwa ajili hiyo. Babu yake alisema ana jini. Baba yake alisema ni uvivu.

Nikamuuliza mama, "Je, masikio yake yamewahi kutoka usaha?" Akasema, "Mwalimu, yanatoka tangu ana miaka mitatu. Tukampa dawa, yakakauka, yakarudi. Tukazoea."

Alipopelekwa hospitali akapimwa, ikaonekana sikio moja karibu halisikii kabisa, na la pili linasikia nusu nusu. Mtoto alikuwa akimjibu aliyesimama mbele yake, kwa sababu anamtazama midomo. Aliyemwita kwa nyuma hakujibiwa. Ukaidi wote ulikuwa huo! Shule tatu, madrasa moja na ukoo mzima, na hakuna aliyewasha tochi akatazama ndani ya sikio.

Maneno ya yule mama siku ile hayanitoki. Alisema, "Mimi nilidhani ananidharau. Nimempiga sana."

HUKUMU BILA USHAHIDI

Ndugu zangu, sisi ni umma wa ushahidi. Hata mtoto wa madrasa anajua kwamba katika dini yetu anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Watu wawili wakigombania mbuzi soko la Konyokonyo, wazee wanakaa chini, wanauliza nani aliona, nani alimuuza, alama yake ni ipi. Kwa mbuzi tunataka mashahidi. Lakini kwa akili ya mtoto, ambayo maisha yake yote yanaitegemea, mtu mmoja mwenye chaki mkononi anasema "huyu hana akili", na hukumu inapita. Hakuna shahidi, wala vipimo, wala rufaa!

Hiyo ni dhulma, na haiachi kuwa dhulma kwa sababu tu anayedhulumiwa ana miaka saba na hawezi kujitetea.

Hapa Juba tumeona mfano wa jambo kinyume chake. Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto kali. Mwaka 2025 wanafunzi walikuwa wakizimia madarasani hapa hapa mjini. Je, kuna aliyesema watoto hao wanajifanya? Kuna aliyewachapa ili waache kuzimia? Hapana. Kila mtu aliuliza sababu, ikaonekana ni joto na mapaa ya mabati, hatua zikachukuliwa. Basi kwa nini mtoto akizimia mwili tunatafuta sababu, na akishindwa kusoma tunatafuta fimbo?

SABABU TUNAZOZIRUKA

Wengi tunaosoma Kiswahili hapa Juba ni watu wa safari. Baadhi yetu tumekuja kutafuta riziki kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo. Wengine ni raia wa Sudan Kusini waliorudi kutoka Kakuma, Nairobi na Kampala baada ya mkataba wa amani wa 2005 na uhuru wa Julai 2011. Watoto wetu wamebeba safari hizo vichwani mwao. Kabla hujasema mtoto hana akili, tazama kwanza haya:

Masikio. Usaha unaojirudia huharibu usikivu. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali ya kichwani zinaweza kumwachia mtoto uziwi au udhaifu wa kujifunza hata baada ya kupona. Muulize mama: mtoto huyu aliwahi kulazwa akiwa amepoteza fahamu?

Macho. Mtoto asiyeona ubaoni hajui kwamba haoni, kwa kuwa hajawahi kuona vingine. Anadhani kila mtu anaona ukungu. Ananakili kwa mwenzake, mwalimu anamwita mwizi wa majibu. Miwani tu ingemaliza kesi.

Lugha. Nyumbani Kiswahili au Kibari, mtaani Kiarabu cha Juba, darasani Kiingereza, madrasa Kiarabu fasaha. Mtoto wa miaka sita aliyetoka Nairobi juzi anakaa kimya darasani miezi mitatu, tunasema mzito. Mtume dukani! Akirudisha chenji sawa sawa na akakuhadithia kwa lugha ya nyumbani yaliyotokea njiani, basi akili ipo, kinachokosekana ni lugha. Mtaala wa taifa wenyewe unataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za watoto. Waliouandika walijua wanachokisema.

Kifafa. Huku Maridi na Mundri upo ule ugonjwa wa kutikisa kichwa ambao watafiti wanauhusisha na minyoo inayoletwa na inzi wa mtoni, wale wale wanaoleta upofu. Hapa mjini pia kifafa cha kawaida kipo. Kifafa si cha kuambukiza, si kwa mate wala kwa kugusana, na dawa zake zipo. Lakini mtoto akianguka mara moja darasani, wenzake wanakimbizwa nje, na kesho yake anaambiwa asirudi. Kingine msichokijua: kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto anakodoa macho sekunde chache, anarudi, mara nyingi kwa siku. Mwalimu anasema anaota ndoto mchana.

Hofu. Watoto waliosikia risasi za Desemba 2013 na Julai 2016 sasa ni vijana, na baadhi yao ni wazazi. Nyumba zilizohama mara nne, baba asiyejulikana aliko, usingizi wa kushtukashtuka. Mtoto asiyelala usiku hawezi kukariri asubuhi.

Na njaa. Sihitaji kuieleza.

Baada ya kuyatazama haya yote, wapo watoto ambao kweli wana ulemavu wa akili, au usonji, au ugumu wa kusoma ambao hauondoki kwa dawa wala miwani. Wapo, nao ni wetu. Lakini hata hao, kipimo hakiwekwi ili tujue kama wafundishwe au wasifundishwe. Kipimo ni cha kujua WAFUNDISHWE VIPI. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani tukishapata jina la tatizo, kazi imekwisha, mtoto akae nyumbani. La! Jina la tatizo ndio mwanzo wa kazi.

WALIMU WENZANGU

Nianze na sisi. Mimi nimefundisha, na kuna mtoto nilimweka dawati la nyuma mwaka mzima kwa sababu alikuwa "hasumbui". Hasumbui maana yake haelewi chochote na amekata tamaa. Sikumpima, wala sikumwita mzazi. Allah anisamehe.

Sheria ya nchi hii haiko upande wetu. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya 2011, ibara ya 29, inasema elimu ni haki ya kila raia bila ubaguzi, na ulemavu umetajwa humo kwa jina. Ibara ya 30 inahusu haki za wenye mahitaji maalumu. Ibara ya 6 inataka dola iendeleze lugha ya alama. Na ibara ya 17, ambayo walimu wengi hatupendi kuisikia, inampa mtoto haki ya kutopigwa na mtu yeyote, wakiwemo wazazi na shule. Haikusema "isipokuwa madrasa".

Najua majibu yetu, maana na mimi nimeyasema ukumbini.

Tunasema, "Darasa lina watoto mia moja." Kweli. Lakini kumhamisha mtoto asiyesikia kutoka nyuma kwenda mbele kunataka sekunde ngapi? Kumtazama usoni unapotoa maelezo kunagharimu nini? Kuandika herufi kubwa ubaoni na kusoma kwa sauti unachoandika kunasaidia watoto wote mia moja.

Tunasema, "Mshahara hauji." Kweli tena, na ni aibu kwa nchi kwamba mwaka 2024 watumishi walikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwalimu ana haki ya kudai kwa sauti kubwa. Lakini deni la serikali kwangu halilipwi na mtoto wa mama wa Munuki. Na zile shule binafsi ambazo ada yake inalipwa kwa dola, zinajitetea kwa lipi? Nyingi ndizo za kwanza kumtoa mtoto mzito kabla ya mtihani wa taifa, ili matokeo yapendeze kwenye bango la getini. Hiyo si elimu. Ni biashara ya kuchagua maembe yaliyoiva na kujisifu kwamba umeyaivisha.

Tunasema, "Hatukusomea elimu maalumu." Sawa. Hakuna anayekutaka uwe daktari. Unachotakiwa ni kuandika ulichokiona, kumwita mzazi kwa heshima, na kubadilisha jambo moja darasani uone. Kisha badilisha la pili.

Na maustadh wa madrasa, nawaheshimu, mmenilea. Lakini nani aliyetuambia Qur'ani inaingia kwa bakora? Mtoto asiyeweza kuhifadhi juzuu anaweza kuhifadhi Fatiha na sura fupi tatu akasali nazo maisha yake yote. Mumhesabie hiyo kuwa ni ushindi. Someni tena sababu ya kushuka Surat Abasa. Kipofu Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuja kutafuta mafunzo wakati wakubwa wa Makka wamekaa kikao, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya kwa ajili yake zisomwe mpaka Kiyama. Kipofu huyo akawa muadhini wa Mtume (S.A.W.) pamoja na Bilal (R.A.), na akaachiwa Madina aisimamie wakati Mtume yuko safarini. Je, leo angekuja kwenye madrasa yetu na mkongojo wake, tungempa nafasi mkekani au tungempa sarafu tukamfungia mlango?

WAZAZI WENZANGU

Sasa tugeuke upande wa pili, maana wazazi wengine wamekwisha furahi kwamba walimu wamesemwa.

Nani anayewaficha watoto hawa chumba cha nyuma wageni wakija? Ni sisi. Nani anayesema dada zake hawataolewa watu wakijua? Ni sisi. Nani anayempeleka kijijini kwa bibi, kisha kila Idi anatuma nguo na kujiona amemaliza wajibu? Nani anayemrushia mke maneno kwamba mtoto huyu ametoka upande wa ukoo wenu? Akina baba, hilo la mwisho ni letu sisi, na tumuogope Mungu.

Wapo wanaosema ni kadari. Ndiyo, na maradhi yote ni kadari, lakini mkiugua malaria mnakimbilia zahanati. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui kumfunga ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Kumpima mtoto ndiko kumfunga ngamia.

Wapo wanaosema wamemsomea ruqya. Someni, Qur'ani ni shifaa, sipingi. Lakini ruqya haikatazi tochi ya daktari. Ninachopinga ni yule anayechukua pesa za mjane, akamfukiza mtoto wa kifafa kwa moshi, akamfunga kamba, akamwambia mama aache vidonge. Huyo si msomaji, ni mnyang'anyi. Na mkijua: kukatisha vidonge vya kifafa ghafla kunaweza kumletea mtoto degedege lisilokatika, na likamuua.

Halafu wapo wazazi wa aina nyingine. Wakiitwa shule wanakuja na ghadhabu. "Mwanangu hana tatizo, wewe ndiye huwezi kufundisha!" Wanakataa mtoto apimwe, wanalipa apandishwe darasa, na anafika darasa la sita hajui kuandika jina lake. Huko si kumtetea mtoto. Umemnunulia miaka sita ya kufedheheka.

Na wenye uwezo huwapeleka Kampala au Nairobi. Sina ubaya nao, kila mtu na riziki yake. Lakini mkitoka nyie wenye sauti na pesa, nani atabaki hapa kuidai huduma? Na mtoto wa muuza chai wa Malakia atapanda ndege gani?

WENZETU WALIANZIA WAPI

Tusije tukadhani jambo hili ni la Wazungu peke yao.

Kenya, wizara ya elimu ilianza mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, kufungua vituo vya kuwapima watoto kabla ya kuwapangia shule, na mwaka 1986 ikaanzishwa taasisi ya elimu maalumu, KISE, ya kufundisha walimu. Kasoro bado zipo, kila mzazi wa Kenya atakwambia. Lakini utaratibu walioujenga ndio huu ninaoulilia: mtoto KWANZA anapimwa, na mzazi anaulizwa historia yake, kisha ndipo inapendekezwa afundishwe wapi na vipi. Uganda, Chuo Kikuu cha Kyambogo kinatoa walimu wa elimu maalumu. Baadhi ya vijana wetu wamesoma mjini Kampala biashara na kompyuta. Ni wangapi tumewashauri wasome hii?

Zanzibar ndio mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa ni Waislamu kama sisi, na hawakuwa matajiri. Mwaka 1999 ilianzishwa jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambayo wazazi wamo ndani yake pamoja na watoto wao. Wakatoka majumbani, wakajionyesha, wakazungumza na wizara, na katika miaka ya 2000 shule za kawaida zikaanza kuwapokea watoto hao chini ya mpango wa elimu jumuishi. Aibu ile ile ya "watu watasemaje" ilikuwapo Unguja na Pemba kama ilivyo hapa. Waliikabili wakiwa kundi, kwa sababu mzazi mmoja peke yake humezwa na aibu.

Na hapa kwetu hatuanzi na sifuri. Rajaf kuna kituo cha elimu kwa wasioona, ambako watoto wanasoma kwa vidole. Mjini kuna kituo cha macho cha Buluk. Hospitali Kuu ya Mafunzo ya Juba ipo. Ni vichache mno kwa nchi ambayo zaidi ya watoto milioni mbili hawako shuleni, lakini swali langu ni hili: katika sisi tunaolalamika kwamba hakuna huduma, wangapi tumekwisha gonga milango hiyo michache iliyopo?

TUFANYE NINI KUANZIA JUMAMOSI

Sitaki mtu amalize kusoma hapa aseme "mada nzuri" kisha alale. Haya ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya.

1. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku: nini kilimshinda, saa ngapi, alikuwa wapi, na nani. Andika pia anachokiweza na anachokipenda. Usiandike "mkaidi". Andika "nilimwita mara tatu kutoka jikoni hakugeuka; nilipomgusa bega aligeuka". Hilo la pili ni ushahidi, la kwanza ni matusi tu.

2. Andika historia yake. Alizaliwaje, alilia mara moja? Alikaa, alitembea, alisema neno la kwanza lini? Aliugua nini? Amehama mara ngapi? Katika ukoo kuna aliyekuwa hivyo?

3. Masikio na macho KWANZA, kabla ya jina lolote lingine. Kama anaanguka au anakodoa macho, mweleze daktari hivyo, na kama una simu mrekodi video ya hali hiyo. Video ya nusu dakika itamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

4. Nenda shule na daftari lako, wala usiende na hasira. Omba kikao na mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu. Anza kwa kumwuliza mwalimu, "Wewe umeona nini?" Yeye anakaa na mtoto saa tano kwa siku, anajua usiyoyajua. Wewe unajua asiyoyajua.

5. Mtoke na karatasi moja. Mambo mawili tu mtoto anayotakiwa kuyaweza katika muhula huu, nani atafanya nini shuleni, nani atafanya nini nyumbani, na tarehe ya kukutana tena. Wote mtie saini. Kwa mtoto mmoja itakuwa: akae mbele, aulizwe kwa mdomo badala ya kuandika, apewe muda zaidi kwenye mtihani. Kwa mwingine: apangwe na mwenzake wa kumsaidia, apumzike kidogo kila baada ya nusu saa, afundishwe kuhesabu kwa kunde na vifuniko vya chupa. Ikifika tarehe na hakuna kilichobadilika, mbinu ndiyo iliyoshindwa, mbadilishe mbinu.

6. Shule ikimkataa, iombe iandike sababu kwa barua na muhuri. Utashangaa ni shule ngapi zitafikiri mara mbili zikitakiwa kuandika. Barua hiyo ipeleke ofisi ya elimu ya payam au kaunti, na ubaki na nakala. Mtajibiwa leo? Pengine hapana. Lakini barua hamsini zina uzito kuliko manung'uniko elfu.

7. Wanafunzi, nanyi mna sehemu yenu. Mnawajua wanaochekwa. Mwenye kukaa na mwenzake mapumziko na kumrudia somo polepole, hiyo ni sadaka isiyotaka hata paundi moja. Na mwenye kumwita "majnuni" ili wengine wacheke, ajue maneno yanaandikwa.

MSIKITI UKO WAPI?

Mwisho niseme na viongozi wetu. Tunachangisha kwa mazulia, vipaza sauti na rangi ya mnara, na yote hayo ni kheri. Lakini lini mara ya mwisho tulichangisha kwa ajili ya miwani ya mtoto? Nauli ya mama kutoka Gudele kumpeleka mwanawe kupimwa masikio? Vidonge vya kifafa vya mwezi mmoja, ambavyo ni katika dawa za bei nafuu? Familia nyingi za watoto hawa ni fakiri na maskini wanaostahiki zaka bila shaka yoyote, kwa hiyo hatuhitaji fatwa mpya.

Makhalifa wa kale walilielewa hili. Wanahistoria wametaja kwamba Al-Walid bin Abdil-Malik, yule wa Bani Umayya, aliwapangia vipofu watu wa kuwaongoza na walemavu watu wa kuwahudumia kutoka hazina ya umma. Hiyo ni miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili kabla hakujakuwa na mkutano wowote wa kimataifa wa elimu jumuishi.

Napendekeza mambo matatu tu. Kila msikiti wenye madrasa uteue mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, ambaye mzazi atamwendea bila aibu, awe anajua wapi pa kupima masikio, macho na kifafa. Kila madrasa iweke bakora chini na iwapokee watoto hawa hata kwa nusu saa. Na khutba moja kila muhula isomwe kuhusu haki zao, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili, ili hata bibi nyumbani apate habari.

Kumbukeni Nabii Musa (A.S.). Alitumwa kwa Firauni na ulimi wake ulikuwa na uzito, naye alilijua hilo. Katika Surat Taha aliomba fundo lifunguliwe, na akaomba ndugu yake Harun (A.S.) awe msaidizi wake, akapewa. Hakuambiwa "wewe hufai, atafutwe mwenye ulimi mwepesi". Hakuambiwa akae nyumbani mpaka apone. Alipewa kazi kubwa, na alipewa mtu wa kumsaidia kuifanya.

Basi hicho ndicho watoto wetu wanachokitaka, kila mmoja apate Harun wake. Harun huyo anaweza kuwa mwalimu, au mzazi mwenye daftari, au mwenzake wa dawati moja.

Yule mtoto wa Munuki sasa anasoma. Shule ya nne ilimpokea, anakaa safu ya mbele karibu na dirisha, upande ule sikio lake linalosikia linapomwelekea mwalimu. Bado yuko nyuma ya wenzake kwa miaka miwili, na miaka hiyo hakuna wa kumrudishia. Mama yake bado analia akikumbuka fimbo. Lakini juzi alinipigia simu usiku kuniambia mtoto amesoma kwa sauti jina la duka njiani, peke yake, bila kuulizwa.

Kesho mbele ya Mola wetu kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokichunga. Tukiulizwa, "mlisema hana akili, ushahidi wenu uko wapi?", tutajibu nini?

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.